Kinywa cha Mtoto wa Darasa la Pili

Nikimwita mzazi kumweleza kwamba gego la mtoto wake limeoza kiasi cha kumfanya ashindwe hata kunywa uji wa saa nne, jibu ninalopewa mara nyingi ni hili: "Mwalimu, si ya utoto hayo? Yatang'oka, yataota mengine." Husemwa kwa upole, na mtu mwenye mengi kichwani, nauli, sare, kodi ya nyumba. Namwelewa. Ila mimi nafundisha darasa la pili, umri ambao kinywa cha mtoto hubadilika mbele ya macho yako, na watoto wale wale huwaona tena wakifika darasa la sita na la saba. Yule ambaye gego lake liliachwa lioze, meno yake sasa yamepandana. Yule aliyekuwa akiuma kwa upande mmoja, kidevu chake kimehama.

Tangu wanangu waanze kupata mapengo nimelisoma jambo hili kila nilipopata nafasi na kuwauliza madaktari wa meno kila nililoshindwa kulielewa. Ninachotaka wazazi wenzangu wakichukue ni kwamba mtoto akaguliwe mpangilio wa meno akiwa na miaka 7 hivi, hata kama kwa macho yetu hana tatizo, na tusiuogope ukaguzi huo kwa kudhani kwamba lazima utaishia kwenye nyaya za kunyoosha meno. Watoto wengi wakishakaguliwa hawafanyiwi kitu, wanaambiwa warudi baada ya muda. Wachache wanahitaji kazi ndogo ambayo ikifanywa kwa wakati wake humalizika haraka, na ikiachwa hugeuka kazi ya miaka. Na walinzi wa mpangilio wote ni yale yale magego ya utoto tunayoyadharau.

Mchukue mtoto wa miaka 6. Ana meno 20 ya utoto, kumi juu na kumi chini, yaliyokamilika alipokuwa karibu na miaka mitatu. Mara nyingi kabla jino lolote halijatikisika, nyuma kabisa ya gego la mwisho kunaanza kutoka gego jipya. Halikuchukua nafasi ya jino lolote, halikuacha pengo la kuonyesha wenzake, kwa hiyo nyumbani hakuna anayejua kwamba limeota. Wazazi wengi hulihesabu pamoja na ya utoto. Hilo ni la kudumu, yako manne, na ndiyo yatakayobeba kazi ya kutafuna kwa maisha yake yote. Edward Angle, Mmarekani aliyeijenga fani ya kupanga meno, alipoyagawa mafungu matatu ya namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, mwaka 1899, alichukua gego hili kuwa kipimo chake. Mafungu hayo yanatumika mpaka leo. Nimewaona watoto wa miaka minane ambao gego hili limeshatoboka katikati, na mama akishangaa kwa dhati kwamba halitaota jingine.

Baada ya hapo huja meno ya mbele ya chini, kati ya miaka 6 na 7, kisha ya juu kati ya 7 na 8, na yale ya pembeni yake mwaka unaofuata. Halafu kinywa hutulia. Mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, hakuna jino linalotikisika, na mzazi anadhani kazi imekwisha. Kuanzia miaka 10 hadi 12 mambo huanza upya: chonge, magego madogo, kisha magego makubwa ya pili. Usingoje mpumziko huo wa katikati ndipo umpeleke kwa mara ya kwanza. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri ukaguzi wa kwanza usipite miaka 7, kwa sababu katika umri huo magego ya kwanza ya kudumu yameshakutana, baadhi ya meno ya mbele yameshatoka, na daktari anaweza kuona mataya yanavyofunga huku mengi yakiwa bado hayajaota. Akitilia shaka kitu, eksirei humwonyesha yaliyo ndani ya mfupa: kama yapo yote, kama kuna lililolala, kama kuna la ziada lililoziba njia.

Hilo la ziada si hadithi. Jino moja la mbele la juu linaota, la pili yake halionekani, mwezi baada ya mwezi. Nyumbani wanasema litakuja tu. Ikipita nusu mwaka tangu mwenzake atokeze, au jino la pembeni likaota kabla ya lile la katikati, mpeleke mtoto akapigwe picha. Mara nyingine kuna kijino kidogo chenye ncha kimekaa juu yake kimelizuia, na kikitolewa mapema jino husika huwa na nafasi nzuri ya kushuka.

Sasa turudi kwenye magego ya utoto, maana hapa ndipo ninapoumia zaidi. Anayepanda daladala za Mbagala jioni anajua kazi ya begi lililorushwa dirishani: limeshika siti mpaka mwenyewe apite mlangoni. Gego la utoto linafanya kazi hiyo hiyo. Mwenye siti, gego dogo la kudumu, atafika mtoto akiwa na miaka 10, 11 au 12. Begi likitolewa mtoto akiwa na miaka 6, gego kubwa la kudumu lililoko nyuma husogea mbele na kukalia siti ya mwenzake. Halifanyi hivyo kwa siku moja. Linasogea kidogo kidogo, na mwenye siti akija anakuta pamejaa. Ndipo anapoota kwa ndani upande wa ulimi, au kwa nje juu ya ufizi, au anabaki mfupani.

Tena magego haya ya utoto ni mapana kuliko yatakayoyarithi. Kwa wastani, kila upande wa taya la chini hubaki na ziada ya karibu milimita 2.5, na kila upande wa juu milimita 1.5. Kwa anayepima kwa rula ya shule ni kitu kidogo mno. Kwa daktari ni utajiri, kwa sababu milimita hizo tano za chini zinaweza kutosha kunyoosha meno ya mbele yaliyobanana bila kung'oa hata moja, ilimradi nafasi ilindwe kwa waya mwembamba unaopita nyuma ya meno kutoka gego hadi gego wakati magego ya utoto yanapodondoka. Nafasi hiyo hupotea hata bila kung'oa. Gego likioza ubavuni, pale linapogusana na jirani yake, upana wake hupungua, na jirani husogelea palipopungua.

Mtoto wa jirani yangu aling'olewa gego la chini akiwa darasa la kwanza. Lilikuwa limemliza usiku kucha, na pale walipompeleka alichomwa ganzi, likatoka, wakarudi nyumbani na dawa ya maumivu. Maumivu yaliisha na kila mtu akashukuru. Hakuna aliyewaeleza kwamba pengo lile lilihitaji kulindwa. Kifaa chenyewe ni kidogo: pete ya chuma inayovishwa gego la jirani, na kitanzi cha waya kinachovuka pengo mpaka jino la mbele. Hakimzuii kula, na hutolewa jino jipya likianza kuchungulia. Leo binti yule ana miaka 11, gego lake dogo limeota upande wa ulimi, na ameshaambiwa kwamba kulirudisha kwenye mstari kutataka nyaya kwa muda mrefu na huenda wakalazimika kung'oa jino zima lisilo na ubovu wowote ili kupata nafasi.

Mwanangu wa kiume naye gego lake lilioza umri ule ule. Daktari aliyemwona alitoa sehemu ya kiini iliyooza, akaweka dawa, akalivisha kofia ya chuma. Nilimuuliza, kwa heshima, kama kweli jino la utoto linastahili shughuli yote hiyo. "Mama," akaniambia, "hili tunalihitaji mpaka afikishe miaka kumi au kumi na moja. Likitoka leo, nitakuwa nalitafutia mbadala kwa miaka minne." Sijapata kusikia maelezo mafupi yaliyonitosha kama hayo. Mtoto mwenyewe alilipenda, akawa anawafunulia wenzake jino la fedha.

Ndiyo maana nikizungumza na wazazi kuhusu kupanga meno naanza na sukari. Chai yenye vijiko vitatu, juisi ya pakiti kwenye begi kila siku, ubuyu wa rangi getini, chupa ya maziwa inayolala na mtoto kitandani. Mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na mzazi ndiye ashike mswaki au asimamie kwa macho mpaka mtoto afike miaka 7 au 8, kwa sababu kabla ya hapo mkono wake haufiki magegoni vizuri. (Wanaoishi Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, muulizeni daktari wa huko kuhusu kiasi cha dawa na maji ya kunywa ya mtoto mdogo.)

Binti yangu mkubwa alikuwa na tatizo la aina nyingine. Jino lake la mbele la juu liliota likaingia nyuma ya la chini. Kwa mbali huoni kitu. Ukimwambia afunge mdomo polepole, kama daktari alivyofanya, unaona meno mawili yanagongana kwanza, halafu taya lote la chini linateleza mbele ili apate kufunga. Kila alipotafuna, jino la juu lilikuwa likilisukuma la chini kwenda nje, na ufizi wa jino hilo la chini ulikuwa umeshaanza kushuka kuliko wa majirani zake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jambo hili halisubiri miaka kumi na mitatu. Ufizi ukishashuka haurudi wenyewe, na mtoto anayetelezesha taya kila anapouma anakua na mazoea hayo.

Matibabu yake yalikuwa kibao cha plastiki kinachokaa kwenye paa la kinywa, chenye springi ndogo nyuma ya jino na kingo za kuinua magego kidogo ili jino lipate pa kuvukia. Alikivaa miezi michache, alikitoa wakati wa kupiga mswaki tu. Wiki ya kwanza alisema "sh" mahali pa "s", ya pili akazoea. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea katikati ya siku hizo, akakiona mezani. "Mtoto wa miaka minane mnamfunga machuma mdomoni?" Nilimkalisha mjukuu wake mbele yake, nikamwambia afunge mdomo polepole. Bibi aliangalia, akaomba arudie. "Basi kikae mpaka jino likae sawa," akasema, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha kukivaa.

Jino lilipovuka likabaki mbele, kifaa kikawekwa kabatini. Hakuhitaji kingine cha kulishikilia, maana jino la chini lenyewe sasa linalizuia lisirudi.

Yapo mengine mawili ya jamii hiyo. La kwanza ni taya la juu kuwa jembamba, magego ya upande mmoja yakauma ndani ya yale ya chini, na taya likakwepa upande ili lifunge. Mtazame mtoto usoni anapouma, utaona kidevu hakiko chini ya pua. Paa la kinywa la mtoto lina mshono katikati ambao bado haujashikana sana. Kifaa chenye skrubu hukaa juu yake, na mzazi huzungusha kwa kifunguo kadiri alivyoelekezwa, kila mzunguko ukisogeza karibu robo ya milimita. Mtoto wa miaka 8 au 9 huweza kumaliza kupanuliwa kwa wiki chache, kisha kifaa kinabaki miezi kadhaa ili mfupa ujijaze. Mtu mzima mwenye tatizo hilo hilo mara nyingi huambiwa habari za upasuaji.

La pili ni taya la chini kutangulia la juu. Hapa urithi una nguvu, na kama baba na babu wana kidevu hicho, hakuna kifaa kitakachofuta ukoo. Lakini palipo na upungufu wa taya la juu, kifaa cha kuvaa usoni kinacholivuta mbele kwa mipira hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Huvaliwa saa nyingi, hasa usiku, na kinamtaka mtoto aliyekubali na mzazi asiyechoka. Daktari mkweli atakwambia pia kwamba ujana unaweza kuja na ukuaji mwingine, na baadhi bado watahitaji upasuaji wakiwa watu wazima.

Nimeyaeleza yanayotaka kuwahi. Yanayoweza kusubiri ni mengi zaidi, na huku nako watoto wanaumizwa, kwa haraka.

Meno ya juu yaliyochomoza ndiyo yanayowaleta wazazi wengi kwangu kuomba ushauri, kwa sababu ndiyo yanayotaniwa darasani. Matani hayo nayakemea na nitaendelea kuyakemea, yanamfanya mtoto azungumze akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Lakini swali la lini aanze matibabu limechunguzwa vizuri kuliko karibu jambo lingine lolote katika fani hii. North Carolina na Florida kule Marekani, na Manchester kule Uingereza, watafiti waliwagawa watoto kwa bahati nasibu: baadhi wakaanza mapema, wakiwa na miaka 8 au 9, kisha wakamalizia kwa nyaya ujanani, na wengine wakasubiri wakatibiwa mara moja tu. Mwishoni, sura na mpangilio wa meno vilikuwa karibu sawa. Walioanza mapema walikuwa wamekaa kwenye matibabu muda mrefu zaidi. Faida moja ilibaki, na mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2013 na yale ya 2018 yaliikubali: walioanza mapema waliumia meno ya mbele mara chache zaidi.

Mimi faida hiyo siidharau, kwa sababu uwanja wa shule yetu ni wa kokoto na zamu ya kuwaokota wanaoanguka ni yangu. Mtoto mwenye meno yaliyotangulia sana, midomo isiyofunga, na mwendo wa mbio asubuhi mpaka jioni, ningemwanzishia mapema. Mtoto mtulivu mwenye meno yaliyochomoza kiasi, ningesubiri afike miaka 11 au 12, aingie matibabu mara moja, atoke. Na yule anayenyanyaswa kiasi cha kukataa shule, hilo nalo ni sababu, mzazi na daktari walipime pamoja.

Kwa kuwa nimetaja kuanguka: jino la kudumu likidondoka zima, lishike upande unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Lisuuze haraka kwa maziwa au maji, usilisugue. Ukiweza lirudishe palepale kwenye shimo lake, mtoto aling'atie kitambaa. Ukishindwa litie kwenye maziwa baridi, mkimbie kwa daktari wa meno. Dakika zinahesabika, saa moja ni nyingi. La utoto usilirudishe, utaumiza lililo chini yake.

Mwanya nao. Meno mawili ya mbele yakitoka na uwazi katikati, mtoto wa miaka 8 akawa na meno makubwa yaliyotawanyika kama vidole vya kiganja, wazazi huja juu. Hiyo ni hatua ya kawaida. Chonge zikiwa bado juu mfupani husukuma mizizi ya majirani zake, na zikishuka uwazi mara nyingi hupungua au hufunga kabisa. Kuufunga kwa waya mapema, au kukata kile kinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kabla chonge hazijashuka, ni kuingilia kazi inayojifanyia yenyewe. Na mwanya ukibaki, sisi watu wa huku tunajua thamani yake. Msichana mwenye mwanya hahitaji kuponywa.

Vivyo hivyo mistari miwili ya meno chini: ya kudumu yanachungulia nyuma, ya utoto hayajatoka. Kila muhula kuna mtoto wa hivyo darasani kwangu. Kama la utoto linatikisika, mwache alitikise, litoke, na ulimi utalisukuma jipya mbele kidogo kidogo. Likiwa limeganda kabisa, au miezi imepita, ndipo aonwe na daktari.

Kuhusu vile vifaa vya mpira vinavyouzwa Instagram, vinavyoahidi kupanga meno ya mtoto kwa kuvaliwa usiku bila kumwona daktari, sivinunui na ningemsihi mzazi mwenzangu asivinunue. Hakuna aliyepima taya la mwanao kabla ya kukutumia kifurushi kwa bodaboda.

Kunyonya kidole kunahitaji subira kuliko ukali. Kidole kinachonyonywa kwa saa nyingi kila siku husukuma meno ya juu mbele, huacha uwazi kati ya ya juu na ya chini hata akiuma, na hulibana taya la juu. Akiacha kabla ya meno ya kudumu ya mbele kuota, mabadiliko mengi hujirekebisha yenyewe. Kwa hiyo wa miaka mitatu mwache anyonye. Wa miaka mitano anza kuzungumza naye, msifu siku aliyolala bila kidole, mpe kitu kingine cha kushika. Shubiri na pilipili za bibi zetu wengine zimewasaidia, lakini nimeona mtoto aliyepakwa pilipili akajisugua macho usiku, na sipendi mtoto aadhibiwe kwa kitu anachokitumia kujituliza. Anayelala mdomo wazi na kukoroma kila siku achunguzwe nyama za puani kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hakuna waya utakaoshinda pua iliyoziba.

Limebaki jambo moja ambalo linaanza mapema kuliko yote, kabla mtoto hajatambaa. Meno ya nailoni, wengine huyaita ya plastiki, na Uganda wanasema ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, ufizi wa pembeni una uvimbe mweupe. Anakuja mtu, anaupasua, anachimbua kitu laini cheupe na kumwonyesha mama: huyu hapa mdudu aliyekuwa akimuua mwanao. Alichokitoa ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa. Kilichomharisha mtoto kilikuwa maji, au malaria, au ugonjwa mwingine uliohitaji zahanati na dawa ya kuongeza maji mwilini, na ugonjwa huo bado yuko nao, sasa na jeraha juu yake. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi. Waliopona huja kwetu darasani, na miaka ikienda unaona athari: chonge ya utoto haipo, majirani wamehamia upande huo, mstari wa katikati umekwenda kombo, na chonge ya kudumu, ambayo chimbuko lake lilikuwa jirani na kisu, inaota imepinda, au ina enameli yenye mashimo, au haioti kabisa. Madaktari wa Ulaya na Israeli nao wameyakuta haya kwa watoto wa familia zilizohamia huko kutoka upande wetu wa Afrika. Akina mama wanaofanyiwa hivi siwalaumu. Mtu mwenye mtoto anayezimika mikononi atamsikiliza yeyote anayesema kwa uhakika. Ndiyo sababu nataka sisi tuseme kwa uhakika zaidi: ule uvimbe ni jino, liacheni, mkimbizeni mtoto kituo cha afya.

Tatizo la mpangilio wa meno si la wachache. Nairobi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, watoto 919 wa miaka 13 hadi 15 walipimwa, na asilimia 72 walikuwa na kasoro ya aina fulani. Nyingi ni ndogo na haziumizi mtu. Lakini namba hiyo inaonyesha kwamba hatuwezi kumtegemea daktari bingwa peke yake, maana mabingwa wa kupanga meno ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Kwa ukaguzi wa kwanza huhitaji bingwa. Tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya anaweza kuona jino lililoingia nyuma, taya linalokwepa, gego linalohitaji kuokolewa, na kukuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Muulize wazi: magego ya miaka sita yametoka yote? Anafungaje, sawa au kwa kuteleza? Hili mnalotaka kung'oa, nafasi yake italindwaje? Kama anashauri matibabu sasa, muulize nini kitaharibika tukisubiri mpaka miaka kumi na mbili. Mwenye sababu nzuri hakasiriki akiulizwa swali hilo. Na kuhusu bima, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti, kwa sababu kuziba na kung'oa huweza kulipiwa huku vifaa vya kupanga meno vikiachwa kwako.

Nyumbani kwangu sasa tuko kwenye chonge. Chonge za juu ndizo zenye safari ndefu kuliko meno mengine, zinaanzia juu karibu na pua na hufika zikiwa za mwisho mwisho, kwa hiyo ndizo zinazopotea njia mara nyingi, baada ya magego ya mwisho kabisa. Kwa mtoto wa miaka 9 au 10 daktari hupitisha kidole juu ya ufizi kwa nje, akitafuta kivimbe kigumu cha chonge inayoshuka. Akikikuta pande zote mbili, vizuri. Asipokikuta, chonge inaweza kuwa imeelekea kwenye paa la kinywa, na huko inaweza kula mzizi wa jino jirani bila mtoto kusikia maumivu yoyote. Utafiti wa Sweden wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba kuing'oa chonge ya utoto kwa wakati kulizifanya nyingi kati ya chonge hizo zilizopotea zirudi kwenye njia yake. Ni moja ya nafasi chache ambapo kung'oa jino la utoto mapema ndiyo tiba.

Mwanangu yule wa kofia ya chuma ametimiza miaka 10. Gego lile limebaki mpaka leo, limeanza kutikisika wiki chache zilizopita. Upande wa kushoto chonge inasikika vizuri chini ya kidole. Upande wa kulia bado ni bapa. Daktari amesema turudi likizo ya Juni, na kama hali itakuwa hiyo hiyo atapiga eksirei siku hiyo, aone imelala wapi kabla ya kuamua kuhusu ile ya utoto.